Punje Kumi na Moja

Taa ya mlango wetu iliwaka nyekundu, maana kipimo cha mtaa kilisema binti yangu Nasikiwa anaumwa. Mlango wenye taa hiyo haupigwi hodi, na mtoto wa humo haendi shule.

"Mama, kwa watu mia kinakosea mmoja tu," alisema afisa wa afya aliyekuja kuikagua taa.

Nikavuta ungo wa maharage. "Katika watu elfu, mgonjwa ni mmoja. Kipimo kinakosea kwa kumi. Taa zinawaka kumi na moja, na kumi ni za wazima!" Nikamsukumia punje kumi na moja. "Haya, nionyeshe mgonjwa."

"Huenda ni wako."

"Kwa huenda mnamfungia mwanangu?"

"Sheria inatazama taa, mama."

Nilipogeuka, Nasikiwa alikuwa ameshatenga sahani na kikombe chake, mbali na vyetu.