Matone ya Upande wa Mlango

Asubuhi niliingia kumwamsha binti yangu, nikakuta hema lake limelowa kwa ndani, sehemu mbili.

Juu ya mto wake palikuwa na matone. Sawa. Ukilala umefunga zipu zote, pumzi hugeuka maji. Lakini matone mengine, manene zaidi, yalining'inia upande wa mlango, na huko hakukuwa na mto.

"Umelala na nani?"

"Peke yangu, mama."

"Kwa hiyo siku hizi unapumua kwa miguu?"

Katika watoto wangu ni mmoja tu anayelala kichwa mlangoni, tangu utotoni: kaka yake. Baba yao alipomfukuza nyumbani, aliapa kwamba atakayempa hata pa kulala atamfuata huko nje.

"Mama watoto, hilo hema linavuja?" Mume wangu alikuwa anakuja, viatu vikifyonza tope.

"Halivuji. Baki hukohuko na matope yako."

Nilichukua taulo, nikaanza kufuta upande wa mlango.

"Amekula?" nilimuuliza binti yangu kwa sauti ya chini.