Pengo la Mtungi

Kura ilikwisha asubuhi. Kila raia alichora kwenye kigae jina la mtu aliyemwona hatari kwa mji, na vigae vingi vilimtaja Nikanori mfinyanzi. Sasa, kwa sheria ya mji, alikuwa anaondoka uhamishoni kwa miaka kumi. Alimsimamisha punda wake mbele ya nyumba ya jirani yake, Filemoni.

"Nipe maji, ndugu yangu. Sivijui visima vya huko niendako."

Filemoni akamletea maji kwa bakuli.

"Bakuli? Uko wapi mtungi niliokufinyangia ulipofiwa na mkeo?"

"Ulivunjika juzi."

Nikanori akacheka. "Basi hauko peke yake. Mji mzima umevunja mitungi kwa ajili yangu. Lete vipande, nikuungie kabla sijaenda."

Filemoni alitamani kusema amevitupa, lakini kikapu kilikuwa pale pale mlangoni. Nikanori akakaa kizingitini, akaanza kupanga vipande kama mtu anayekunja nguo zake mwenyewe. Shingo ikasimama, kisha tumbo. Karibu na mkono wa mtungi likabaki pengo la upana wa kiganja.

Asubuhi, akienda kupiga kura, Filemoni alikichukua kipande kile kwa sababu kilikuwa karibu. Jina aliliandika kwa sababu kila aliyekuwa kando yake aliandika hilo hilo.

"Kimoja hakipo," alisema Nikanori.

Alipitisha vidole kwenye pengo, taratibu, akivizungusha ukingoni. Kisha akainua bakuli, akanywa maji yote, huku akimtazama Filemoni juu ya ukingo wa bakuli.