Wiki ya Ufini

Kila Jumatatu kidude cha sikioni kiliwatangazia walimu wote nchi ya kuigwa wiki hiyo. Leo kilisema Ufini, na Mwalimu Ndeshi akasonya mbele ya darasa zima.

Wiki iliyopita ilikuwa Japani. Watoto walideki darasa pamoja naye, na hata wale watukutu wa nyuma waliishia kugombania ndoo. Hilo alitaka sana libaki.

"Ndoo zirudi stoo," kidude kikasema. "Na wanafunzi wasisimame kukuamkia."

"Kwani nikipenda mboga ya jirani lazima nihamie kwake?" aliuliza Ndeshi. Hakikumjibu. Kazi yake ilikuwa kuelekeza tu.

Alirudi nyumbani kichwa kinamgonga. Bintiye Nakijwa, wa darasa la tatu, alikuwa amesimama mlangoni akimtazama usoni, hasalimii wala hapishi njia.

"Shikamoo yangu iko wapi?" Ndeshi akafoka.

"Sijui kama wiki hii ipo, mama. Wiki iliyopita tuliinama. Ile nyingine tulipeana mikono." Mtoto akamsogelea, akashusha sauti. "Wewe mwenyewe unapenda nikusalimie vipi?"

Ndeshi akafungua mdomo amjibu. Lilikuwa swali jepesi, la mtoto wake mwenyewe, tena nyumbani kwake. Lakini alijikuta amegusa kidude sikioni, akisubiri kuambiwa.