Sababu ya Wacera

Zamu yake ilipokaribia, Wacera alichukua koti akatoka nje ya darasa.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya masomo ya cheti cha uzamili cha ushauri nasaha, mjini Nyeri. Mhadhiri, Daktari Kaari, alikuwa amewaomba walimu waliojiunga waeleze kilichowaleta. Moffat, anayefundisha Mwea, alisema yeye anatafuta cheo tu. Watu wakacheka. Wacera akaenda kusimama kwenye baridi.

Kaari alimfuata. "Si lazima useme."

"Nitasema, Daktari. Niko na kijana mmoja tu, Gatimu. Alikuwa na uchungu rohoni. Tulikuwa tunakula meza moja na mimi sikuona."

Mwaka uliotangulia, katika shule ya bweni ya wavulana karibu na Gatitu, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu alipigwa bwenini mpaka akafa. Simu ilimkuta Wacera ubaoni, akifundisha hesabu. Chaki ilimponyoka, naye akatoka bila kuwaaga wanafunzi.

Siku ya mazishi alifika, lakini miguu ilikataa kulikaribia kaburi. Alisimama nje ya ua mpaka watu wakatawanyika. Baada ya hapo akina mama wa kanisani waliacha kumtembelea. Hawakujua la kumwambia. Kila Jumapili alibadilisha shuka kwenye kitanda cha Gatimu, shuka ambazo hakuna aliyezilalia.

Masomo yalimtesa. Katika mazoezi, Moffat alipojifanya mwanafunzi asiyetaka kuongea, Wacera alimjazia maneno mdomoni. Unaonewa? Nani amekuudhi? Ni chakula?

"Ngoja," Kaari alimwambia. "Mtoto atasema akijua hutamkimbia."

Akajifunza kungoja. Alipopelekwa kwenye shule moja kufanya mafunzo ya kazi, msichana aitwaye Lynn aliketi mbele yake kimya mpaka chai ikapoa. Mwishowe akasema, "Mwalimu, ati nikikasirika najiogopa. Naogopa nitaumiza mtu."

Wacera hakumkemea wala hakumhubiria. Alimsikiliza mpaka akamaliza, akamshika mkono. Lynn alipoondoka, Wacera alijifungia chooni akalia. Kungoja hivyo, kukaa tu na kunyamaza, mbona hakukufanya nyumbani kwake?

Alipopata cheti, Moffat alimshauri aombe kazi Kenol, mahali ambapo hakuna anayemjua. Wacera aliomba katika shule ile ile ya Gatitu.

Mwalimu mkuu, Mathenge, ambaye alikuwa mgeni pale, alimpokea kwa upole. Kando yake aliketi mwakilishi wa wazazi kwenye bodi, mama aliyejifunga shali ya kijivu.

"Pole, Mwalimu," Mathenge alisema. "Nimeelewa mtoto wako alikuwa hapa mwaka ule. Utaweza kupita kando ya bweni lile kila asubuhi?"

"Nitaumia," Wacera alisema. "Lakini kama hapa kungekuwa na mtu wa kumsikiliza mtoto wangu, hata mara moja, hatungefika kule tulifika. Mimi nataka kuwa huyo mtu."

Mathenge aliinamisha kichwa. Kisha akamgeukia jirani yake. "Mama Mwai, uko na swali?"

Mama Mwai alimtazama Wacera. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, ila sauti yake ilikuwa tulivu.

"Mimi Mwai wangu nilimzika," alisema. "Wewe, Gatimu wako anatoka jela lini?"