Wenyewe Waliulizwa

"Mbele!" alifoka shaushi, sajini wa kikosi, na Nasor akapiga hatua nyingine, ramani mkononi. Nyuma yao walifuata askari kumi na wawili wamebeba makuti makavu, viberiti mifukoni.

Ramani ile aliichora Nasor mwenyewe. Mashamba thelathini na saba ya bonde la Mkongo, kila moja na namba yake na jina la mwenye shamba, yote kwa hati nzuri kama ya msahafu. Laiti mkono ungemvunjika siku ile!

Maana wazo lilikuwa lake. Miezi minne nyuma, katika mwaka wa pili wa vita vya Maji Maji, mafuriko yalipopungua, bwana mkubwa wa kambi, Mdachi, alitaka bonde lipimwe likatwe viwanja vya pamba. Nasor, karani wake, mtu wa Kilwa, akajikaza akasema, "Bwana, vita hivi vimeletwa na pamba ya kulazimishwa. Safari hii waulizwe wenyewe kwanza, kabla kamba ya kupimia haijanyooshwa. Waonyeshe wanapolima, pamba ipangwe pembeni." Bwana akacheka, akakubali. Nasor alirudi kwake hana pa kuiweka furaha yake.

Na watu walikuja, wallahi! Alidhani wangemkimbia, wakaja wake kwa waume. Bonde zima lilikuwa tope tupu, mto umefagia kila kitu, na mgeni angejuaje shamba ni lipi na pori ni lipi? Bibi mmoja, Tabu binti Maneno, ndiye aliyemtembeza siku tatu nzima.

"Hapa pangu. Pale pa Huseni. Kule ng'ambo ya kijito pa Mwamini, mjane yule ana watoto watano, usimsahau. Andika vizuri, mjukuu wangu."

"Naandika, bibi."

Wakampa samaki wa kuchoma. Wakamtania kwa Kiswahili chake cha Kilwa, naye akacheka nao. Tangu aingie kazi ya bomani hakupata kupendwa vile.

Juzi ndipo bwana alipoitandaza ile ramani mbele ya shaushi. "Risasi hazikuwamaliza waasi hawa. Sasa mahindi yamekomaa. Chomeni yote, namba moja mpaka ya mwisho. Wakikosa chakula watatoka porini wenyewe." Kisha akamgeukia Nasor. "Na wewe utaonyesha njia."

Majuto ni mjukuu, na wa Nasor alikwisha zaliwa, yuko mgongoni analia.

Usiku ule hakulala. Alitaka kutoroka akawaonye watu, lakini mlangoni aliwekewa askari. Sasa walikuwa wameshaingia bondeni, jua linapanda, na kila alipoitazama ramani aliwaona wale watoto watano wa Mwamini wakichimba mizizi.

"Shaushi, nadhani tumepotea. Turudi tu."

Kitako cha bunduki kikamtua mgongoni. "Soma ramani! Ukinipoteza, nakuacha hapa na mamba."

Nasor akasoma. Atafanyaje? Mto unapopinda, ndipo hapa. Mikwaju miwili, ndiyo hii. Hatua mia mbili kufuata ukingo. Alihesabu kwa sauti, na kila hatua akimwomba Mungu amchukue kabla hajafika.

"Namba moja," akasema mwisho. "Shamba la Tabu binti Maneno. Hapo mbele."

Akafumba macho. Alingoja moto uvume. Alingoja na mayowe ya yule bibi, atakayoyasikia mpaka kufa kwake.

Akamsikia shaushi akitukana.

Alipofumbua macho aliona matete. Matete matupu, marefu kupita mtu, katika ardhi ambayo haikupata kuguswa na jembe tangu dunia iumbwe. Shaushi akampokonya ramani, akawaburuta wote mpaka namba mbili. Matete. Namba tisa, mchanga. Adhuhuri walifika namba thelathini na saba, na hapo palikuwa na mamba wawili wanaota jua, wala si bua moja la mhindi.

Shaushi akakamata kiboko chake. "Nani alikuonyesha mashamba haya?"

"Wenyewe," alisema Nasor, na kicheko kikamshinda kabla pigo la kwanza halijamfikia.