Shibe ya Tufani

Sisi watunza farasi wa mashindano hupandikizwa kidude nyuma ya sikio, tuhisi njaa na shibe yao, si yetu. Farasi wangu Tufani akila shayiri na molasi, mimi ndiye ninayeshiba. Miaka sita sijamaliza sahani ya mke wangu, Mwanaidi.

Jana Tufani alikataa kula. Daktari akasema apumzike, nikafunga banda, nikarudi nyumbani na njaa kali. Mwanaidi akanipakulia wali mara tatu, uso umemchanua.

“Kula, baba Nuru. Leo umenikumbuka.”

Nikala, njaa ikabaki palepale. Kisha ikakatika ghafla, bila shibe kuja. Ufunguo wa banda ulikuwa mfukoni mwangu. Hakuna aliyeweza kumlisha Tufani.

“Umeshiba?” akauliza Mwanaidi.

“Nimeshiba,” nikasema, nikaomba maji ya kunawa.