Mganga wa Senzia

Mkude, kiongozi wa mchezo wao wa dadu na masimulizi, alifungua toleo jipya la kitabu cha kanuni. Chiku alikaa roho juu. Mbele yake ilisimama sanamu ndogo ya udongo: mganga, mhusika wa kaka yake, Senzia, aliyeifinyanga, na alama ya kidole gumba chake bado mgongoni. Mganga aliuawa na joka mchezoni. Mwezi uliofuata Senzia mwenyewe akafariki. Tangu hapo Chiku alikusanya pointi za kumfufua mganga, mtupo mmoja kila Jumapili. Zilibaki tatu.

"Uchawi wa kufufua wameufuta," Mkude alisema bila kuinua macho. "Nchi ya kuzimu nayo haipo. Wameandika haikuwahi kuwapo."

"Wameandika akina nani?"

"Ndiyo kanuni, dada."

"Haya, niambie. Huyu yuko wapi?"

Mkude alinyoosha mkono taratibu ili aiondoe sanamu. Chiku akaiwahi dadu, akaitupa kwa hasira. Ikaruka mezani, ikabingirika sakafuni hadi chini ya kabati.

Wa kwanza kupiga magoti kuitazama imetoa ngapi alikuwa Mkude.